Ruhusa Niliyowapa Wengine

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeuumba mwili pamoja na udhaifu wake, akaumba dawa, kisha akaweka huruma yake juu ya vyote viwili. Namshukuru kwa pumzi. Namshukuru kwa mguu wa kulia ambao bado ninao, na kwa vidole vitatu vilivyobaki juu yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, aliyewahurumia wagonjwa kuliko wagonjwa wengine tunavyojihurumia.

Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wenye kisukari, hasa wazee tunaofunga. Mimi si tabibu. Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu maisha yangu yote, kwanza vijijini Sikonge, kisha hapa Tabora mjini mpaka nilipostaafu. Nyumba yetu iko Chemchem. Jioni nafundisha watoto juzuu kibarazani, na kila Ramadhani, baada ya swala ya alasiri, natoa darsa msikitini. Nayasema haya si kwa kujisifu. Nayasema ili ujue kwamba kosa nitakalolisimulia sikulifanya kwa kutojua.

Ugonjwa ulianza kwa kiu. Nilikunywa maji kama mtu aliyetoka shamba, na kanzu zangu zikaanza kunipwaya. Mke wangu, Bi Tatu, alinipeleka hospitali, nikachomwa kidole, nikapewa vidonge na kadi ya kliniki. Nilimeza vidonge kwa utii miaka minne. Sikumwambia mtu nje ya nyumba.

Mwaka juzi, Shaabani ilipokuwa inakatika, daktari wa kliniki, mama mmoja mpole asiyepandisha sauti, alitazama majibu yangu akasema, "Mwalimu, mwaka huu hufungi. Sukari yako inapanda na kushuka ovyo. Utakula asubuhi, mchana na jioni, na vidonge vyako kwa wakati wake."

Nilitikisa kichwa kama mwanafunzi ambaye hajaelewa hesabu lakini hataki kubakishwa darasani.

Hukumu ya jambo hilo nilikuwa naijua vizuri. Mgonjwa ana ruhusa ya kula. Kama ugonjwa wake si wa kupona, hulisha maskini mmoja kwa kila siku asiyofunga, na Mola wake anaipokea fidia hiyo. Nimeisomesha ruhusa hiyo kwa miaka mingi. Wajawazito nimewapa, madereva wa safari ndefu nimewapa. Bibi mmoja mwenye kifua kikuu aliyekataa kula nilimwambia mbele ya wanawe, "Mama, usiwe mkali kuliko Mungu wako." Akalia, akala. Ilipofika zamu yangu mimi, niliona haya. Nimefunga tangu sijaota ndevu. Nitakaaje na sahani mchana, mke wangu amefunga, mtaa mzima umefunga, na jioni niende kuwafundisha watu subira?

Nikamwambia Bi Tatu kwamba nitakula. Kila siku saa sita, yeye akiwa na njaa yake, alinipikia uji wa ulezi au ugali na mboga, akaniwekea chumbani, akafunga mlango ili nile kwa faragha. Nami nilifungua dirisha la nyuma nikavimwaga kwa kuku wa jirani. Vidonge vya mchana nilivitia mfukoni. Jua likizama nilikuwa msikitini, nafuturu kwa tende na wanaume wenzangu, na moyoni nikijiona nimefanya jambo kubwa.

Bi Tatu aliniambia baadaye, "Nilikuwa nashangaa kuku wa watu wanajipanga dirishani kwetu saa sita, kama wanafunzi waliosikia kengele."

Katika kumi la kwanza la mwezi, fundi viatu alinishonea kubazi zangu, na msumari mmoja mdogo ukatokeza ndani. Sikuusikia. Wenye maradhi haya mnajua namna miguu inavyokufa ganzi kidogo kidogo. Nilikwenda na kurudi msikitini nao, sijui siku ngapi, mpaka nilipokuwa natawadha nikaona maji yanayotoka mguuni mwangu ni mekundu. Niliketi pale kwenye birika nikageuza unyayo. Chini ya vidole vya mwisho palikuwa na shimo la kutosha kuingiza punje ya mahindi, na haliumi hata kidogo.

Ningekwenda hospitali, wangenipima sukari, na wangenipima wangejua nafunga. Nikanunua soksi nyeusi. Nilizivaa siku kumi.

Siku ya kumi na tisa ya mwezi nilikuwa nimeketi mbele ya watu, darsa limepamba moto, na kwa kudra yake Mola, mlango wa kitabu tuliofikia ulikuwa ule wa udhuru wa mgonjwa na msafiri. Nilisikia jasho la baridi mgongoni. Ulimi ukawa mzito. Herufi zikaanza kutembea. Nilisema, "Na mgonjwa..." nikarudia, "Na mgonjwa..." kisha nikaanguka ubavu.

Sikuzimia moja kwa moja. Nilikuwa nasikia kama mtu aliye ndani ya kisima. Wanawake husikiliza darsa nyuma ya pazia, na sauti ya Bi Tatu ilitoka huko kabla yake mwenyewe.

"Mpeni maji ya sukari! Sukari imemshuka huyo!"

Mtu mmoja akajibu kwa upole, "Mama, subiri kidogo. Mwalimu amefunga."

"Hajafunga! Daktari kamkataza. Mchana huu nimempikia uji mwenyewe, kanywa."

"Mama, Mwalimu anafuturu na sisi hapa kila siku. Tende ya kwanza tunampa yeye."

Pakawa kimya. Katika maisha yangu nimesimama mbele ya wakaguzi, nimezika wazazi wangu wote wawili, lakini kimya kile sijakutana nacho tena. Kisha nikasikia pazia likivutwa, na mke wangu, ambaye hajawahi kuingia upande wa wanaume, akaingia.

"Basi namfuturisha mimi, sasa hivi," alisema. "Kama ni dhambi niandikiwe mimi. Leteni maji!"

Wakaleta. Alinishika taya akaninywesha mbele ya msikiti mzima.

Hospitalini walinivua soksi. Harufu ilinieleza habari kabla ya daktari. Yule mama wa kliniki alikuja mwenyewe, akainama akatazama.

"Kina siku ngapi?"

"Kumi."

"Kinauma?"

"Hapana."

"Hilo ndilo baya," akasema. "Na chakula, Mwalimu? Nani alikuwa anakula?"

"Kuku," nikasema.

Hakucheka. Alinieleza bila kuzunguka kwamba vidole viwili vimekufa na lazima vitolewe. Mguu wenyewe atauangalia siku hadi siku. Sukari ikitulia, utabaki. Isipotulia, atakata chini ya goti. Tangu hapo sikuwaza jambo jingine. Nilikuwa nikiutazama ule mguu juu ya mto kama mtu anayemtazama mgeni ambaye huenda akaaga wakati wowote.

Siku ya pili binti yetu Mwajuma alikuja kutoka Ipuli anakoishi na mumewe. Alitazama bandeji, akamgeukia mama yake.

"Mama, siku kumi baba anatembea na kidonda, wewe ulikuwa wapi?"

 Bi Tatu aliendelea kukunja shuka. Na mimi, Mungu anisamehe, sikumtetea. Nilimwacha abebe mzigo ule mpaka kesho yake, kwa sababu nilikuwa nimechoka na kuaibika. Kesho yake nilimwita Mwajuma karibu na kitanda.

"Mama yako asiulizwe kitu. Kidonda nilikivalisha soksi mimi. Chakula nilikimwaga mimi. Yeye alikuwa anapika."

Mwajuma alilia, akatoka kumtafuta mama yake huko nje. Sijui walizungumza nini. Walirudi wameshikana mikono.

Lakini kwangu Bi Tatu hakuwa amefungua mdomo. Alileta chakula mara tatu kwa siku, akiwa amefunga, akaketi kwenye kigoda akinitazama mpaka tonge la mwisho, kisha ananyoosha mkono nimwonyeshe kwamba kidonge kimeshuka. Siku ya nne ndipo aliponiambia.

"Daktari ulimdanganya, shauri yenu. Lakini mimi nilikuwa nimefunga, nakaa kwenye moshi, napika uji ambao siwezi hata kuuonja chumvi. Ulikuwa unanihurumia au unanicheka?"

"Nilikuwa naona haya."

"Kwa nani? Mungu alishakwambia kula."

 Swali hilo ninalo mpaka leo.

Vidole vilitolewa kabla ya Idd. Mkwe wangu Seif alikabidhiwa kifurushi kidogo, akakifunga kitambaa cheupe, akakizika makaburini kwetu karibu na baba yangu. Hapo ndipo alipoingia mtu ambaye Mungu alimtuma aniponye kwa upande mwingine. Aliitwa Kibwana, muuguzi wa chumba cha vidonda. Ni Mzaramo, na sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo. Wasiojua utani huu wangemwona hana adabu.

"Shikamoo, mzee," alisema siku ya kwanza aliyonifungua bandeji.

"Marahaba."

"Marahaba ya nini, Mnyamwezi? Nasikia kuna maziko yamefanyika, vidole vimezikwa, na mimi mtani sikuitwa. Mnajua sheria. Ningekuwepo ningelala ndani ya hilo kaburi mpaka nipewe kuku."

Wagonjwa kwenye vitanda vya jirani walicheka. Mimi nilikuwa sijacheka tangu Shaabani.

"Kaburi lenyewe lilikuwa shubiri moja," nikamwambia. "Usingeenea."

"Ningeingiza kichwa! Sikiliza. Babu zako walitoka hapa na pembe za ndovu mabegani, wakatembea miezi mpaka kwetu, wakarudi kwa miguu hiyohiyo. Wewe safari ya nyumbani na msikitini tu, unataka kuniachia mguu hapa? Sisi hatupokei."

Alikuwa anasema hivyo huku mikono yake inakata nyama iliyooza kwa uangalifu mkubwa, na macho hayatoki kwenye kidonda. Nilielewa baadaye kwamba ananifanya nisitazame.

Bi Tatu aliisikia habari ya kuku. Baada ya siku mbili alikuja na jike mmoja mnene, kafungwa miguu, akamkabidhi Kibwana mlangoni.

"Kuku gani huyu mzito namna hii?" Kibwana akauliza.

"Kanenepa kwa uji wa Mwalimu. Nimemnunua kwa jirani. Mtani, chukua haki yako."

Kibwana alishika tumbo akacheka mpaka akaegemea ukuta, na Bi Tatu naye akacheka, mkono umefunika mdomo. Nililia kidogo, nikageuza uso.

Idd niliswali kitandani. Niliporuhusiwa kurudi nyumbani, nilitakiwa kwenda kwa Kibwana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Tangu hapo sikuhesabu miezi kwa kalenda. Mvua zilikoma nikiwa natembelea magongo, na kidonda kilikuwa na ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda. Malori ya tumbaku yalipita na vumbi lake. Baridi ya kipupwe ilinikuta kwenye benchi la chumba cha vidonda, nimejifunika koti, pembeni yangu mkulima wa Sikonge aliyejikata jembe na mama aliyeungua mafuta. Benchi lile lilinifundisha adabu. Hakuna aliyeuliza wewe ni nani. Waliuliza tu, "Leo kimependeza?" wakimaanisha kidonda. Aliyependezewa alipongezwa na wote.

Kulikuwa na siku mbaya. Mara mbili sukari ilipanda, kidonda kikabadilika rangi, na daktari akaniwekea kidole chini kidogo ya goti kunionyesha mahali atakapopita.  Bi Tatu alikuwa akinikausha miguu baada ya udhu, katikati ya kila kidole, kwa kitambaa laini. Tuliagizwa hivyo hospitalini, maana unyevu ukibaki huko hualika vidonda. Mzee mwenzangu unayetawadha mara tano kwa siku, lishike hilo.

Mwalimu Yohana naye alikuja. Tulifundisha pamoja Sikonge tukiwa vijana, yeye Mmoraviani, mimi Muislamu, tukilala nyumba moja ya shule. Siku hizi yuko Ipuli. Alikuja na baiskeli, na chupa ya asali imefungwa nyuma. Bi Tatu aliiona kwanza.

"Yohana! Unataka kumuua mwenzio?"

"Shemeji, asali ni yako. Huyu nimemletea umbea."

Akaja kila wiki. Alikuwa akinisomea magazeti, tukibishana juu ya walimu wa siku hizi, na akiondoka aliniombea kwa namna yake nami nikaitikia amina.

Miombo ilipotoa majani mekundu, kidonda kilikuwa punje ya mahindi. Mvua za kwanza ziliponyesha, Kibwana alifungua bandeji, akainama, akabonyeza huku na huku. Niliogopa.

"Vipi?"

"Nenda zako, Mnyamwezi," akasema. "Umeniharibia kazi. Hakuna kitu hapa." Kisha akanishika unyayo kwa mikono miwili, akaushikilia muda.

Daktari aliniambia maneno machache tu. "Mguu huu ni wako kwa sharti moja. Ukifunga tena kwa siri, sitakata vidole tu."

Shaabani ikafika tena. Ijumaa yake ya mwisho niliomba nafasi msikitini. Nilikaa kwenye kiti, nikawaambia watu: "Mwaka jana niliwasomesha ruhusa ambayo mwenyewe niliikataa. Nilidhani nampa Mungu zaidi ya alichoomba. Kumbe nilikuwa namnyima alichoomba, nikiwapa nyie mnione. Mwaka huu nitakula mchana, na kila siku sahani moja itakwenda kwa jirani yetu asiyeona. Mwenye ugonjwa kama wangu asinifuate nilipokosea."

Mzee mmoja nyuma akasema, "Na kuku, Mwalimu, watafunga mwaka huu?" Msikiti mzima ukacheka. Baada ya swala watu watatu walinijia, kila mmoja peke yake, kila mmoja akitazama pembeni, wakinong'ona kwamba hata wao wana kadi ya kliniki.

Basi ikaja siku ya kwanza ya mwezi. Mwaka mzima Bi Tatu hakuacha kuketi mbele yangu nikila, wala kunyoosha mkono nikimeza dawa. Asubuhi hiyo alijitanda khanga akasema anakwenda Ipuli, Mwajuma amejifungua na anahitaji mtu wa kumkanda kwa maji ya moto.

"Chakula kiko jikoni," alisema. "Dawa mezani. Yohana kasema atakuja mle wote."

 Akaondoka.

Saa sita mvua ikashuka, kubwa, ya mwisho wa masika, na Yohana hakuja. Nikabaki peke yangu na ugali, mlenda na kipande cha samaki. Ndugu yangu, usidhani mtu hubadilika mara moja. Nyumba ilikuwa kimya, mtaa umefunga, na ule mvuto wa zamani ulinijia kwa sauti ya ibada: leo tu, siku ya kwanza tu, hakuna anayekuona. Nilikaa na sahani mbele yangu mpaka ugali ukapoa. Nilitazama mguu wangu. Nikasema Bismillahi, nikala. Tonge la kwanza lilipita kwa shida. La mwisho lilikuwa chakula kama vyakula vingine. Nikameza kidonge.

Nilitaka kuiacha sahani chafu mezani, ionekane. Kisha nikaona huo ni ushahidi, na sikutaka kumletea mke wangu ushahidi. Nikaiosha, nikaiweka mahali pake.

Bi Tatu alirudi karibu na alasiri, khanga imelowa.

"Yohana alikuja?"

"Hakuja. Mvua."

Nilingoja swali la pili. Alining'iniza khanga kwenye kamba, akapita jikoni kando ya sufuria ya ugali bila kuifunua kuona kilichobaki, akachukua kapu la mkaa.

"Mtoto kachukua pua yako, maskini," alisema. "Njoo unipepelee moto, nianze futari."

Nikainuka, nikaenda kwa miguu yangu miwili.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mola akupe afya. Akikupa ugonjwa, akupe pamoja nao mtu wa kukukausha miguu na mtani wa kukuchekesha. Akupe moyo wa kuipokea huruma yake kama alivyoishusha, bila kuipunguza wala kuionea haya. Na akunusuru usimfiche akupendaye maumivu ambayo angeweza kukusaidia kuyabeba. Amina.